Si Bado

Yaya Sabine, dada yangu,

Nakuomba, neno hata moja la barua hii lisitoke kwako. Najua umelala makaburini na huna wa kumwambia. Nakuomba hivyo hivyo. Unajua nilivyo mwoga.

Tangu malaria ikuchukue, mambo yameharibika. Askari wamejaa barabarani. Ofisi ya usafirishaji nilikokuwa karani imefungwa, na saluni yako ya mtaa wa Bel-Air ina kufuli la mtu nisiyemjua. Mama anasema vita ikifika, msichana awe na bwana wa kumlinda. Amenipatia mchumba, fundi cherehani, mtu mpole. Aliponiuliza kama niko tayari kuolewa, nikajibu ninavyojibu siku zote: "Bado." Kumbe kwake bado ni ahadi. Jumapili wakwe wanakuja.

Unakumbuka siku ile ukinisuka? Wateja waliniuliza kama nimeolewa, nikasema bado. Walipotoka ukanivuta nywele: "Weye hauko bado. Weye uko hapana. Na hapana haiko ugonjwa." Wewe uliyependa wanawake ndiwe wa kwanza kunielewa, mimi nisiyemtamani mwanamume wala mwanamke.

Leo mchana wenzako walikuwa wakipakia lori la kwenda Sakania, mpakani, wavuke kwenda Zambia. Huko kuna nyumba inayowapokea watu kama ninyi. Nikaomba nafasi. Fifi, mpenzi wako, mdomo wake unaujua, akapaza sauti:

"Huyu haiko wa kwetu! Hapendi banaume, hapendi banamuke. Anakimbia nini, kitanda?"

Wote wakacheka.

"Ao uko bado tu, mutoto?"

"Bado" ilikuwa imeshafika ulimini. Nikasema, "Hapana, Yaya Fifi. Si leo, si mwakani. Ninakimbia kuozeshwa."

Akanitazama. Nadhani alisikia ni neno lako, kwa sababu alijifuta macho kwa kiganja, halafu akasogeza furushi lake.

"Kesho asubuhi utakaa hapa. Ulete kikwembe cha kujifunika, njiani iko baridi."

Leo jioni, kabla ya kula, nitamwambia Mama neno hilo hilo, hapana. Nakuahidi nitalisema, na sitalipunguza.

Kwaheri, Yaya. Ukitaka kunipata, usipite nyumbani. Watakuwa na hasira. Pita Sakania, uulize walikopita watu kama sisi. Usiite jina langu. Sema tu, "Bado?" Utanijua kwa jibu.