Meli ya Baba Dirishani

Ijumaa. Mvua imepiga tangu alfajiri, kama kawaida ya Kyela yetu, na barabara ya Ipinda najua saa hizi ni tope tupu. Hapa dukani asubuhi nzima hakuingia mteja hata mmoja. Afadhali, maana nimelia leo, na sikutaka mtu anione.

Nimelia kwa ajili ya kioo kidogo kama kiganja!

Bwana Salimu, mwenye duka, anapigisha simu. Watu wanatoka Ipyana na kwingineko kuja kusubiri kupigiwa na ndugu zao, na yeye amechoka kuita majina mpaka koo linamkauka. Akanunua kioo cha kuonyeshea maandishi, cha mistari minne, kiunganishwe na kompyuta, kikae dirishani kionyeshe zamu ya nani. Kazi nikaidaka mimi, kwa kiherehere changu. Akanipa mpaka kesho Jumamosi. "Ikikushinda, Atupele, namwita fundi wa Mbeya, na kompyuta ataishika yeye."

Mimi kompyuta nyingine ya kujifunzia sina.

Draiva ilikuwepo, yaani ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa, lakini ilijua vioo vya mistari miwili tu. Nikaiongezea mistari miwili. Basi siku tatu nzima, kila nikiandika ujumbe mrefu, maneno yakijaza mstari wa kwanza yanarukia wa tatu. Wa pili mtupu. Nikasema kioo kibovu, na mimi nimekwisha.

Mchana akaingia baba, amelowa chapachapa licha ya mwavuli. Tangu apunguzwe kazi bandarini Itungi, baba ni mtu wa kimya, na hii kazi yangu anaiita kuchezea nyaya. Kwa kukata tamaa tu nilikuwa nimejaribu kioo kwa tangazo la meli, kama yale aliyokuwa akiandika yeye zamani: meli ya Mbamba Bay itaondoka Alhamisi.

Akavaa miwani, akasoma, akacheka. Baba, kucheka!

"Mbona umeandika kama ubao wetu?"

Jamani, nilikumbuka kila kitu. Mimi nyuma ya baiskeli yake, vidole vyake vyeupe kwa chaki, harufu ya usipa, wale dagaa wa ziwani, abiria wamekalia magunia ya mchele wakiusubiri mkono wake uandike. Makarani wa Itungi walikuwa wakiandika mstari wa kwanza, wanaruka, wanaandika wa tatu. Wa pili waliuacha kwa ajili ya habari ya kuchelewa, wasilazimike kufuta. Nilikuwa naona raha kuwa mtoto wa mtu anayejua meli iko wapi.

"Sasa kibovu kiko wapi?" baba akauliza. "Si kina utaratibu wake?"

Kweli, kioo hakikuwa kimekosea kitu. Ndani yake mstari wa kwanza unafuatwa na wa tatu, ndivyo kilivyoundwa, na mimi nilikuwa nimekalia kukilaumu. Nikaieleza draiva kila mstari unaanzia wapi, nikawasha upya. Majina yakajipanga, moja, mbili, tatu, nne.

Bwana Salimu alipita jioni, akaangalia, akasema kompyuta niendelee nayo. Nilitaka kuruka, nikajizuia.

Baba alikuwa bado yupo. Akaniomba, kwa aibu kidogo, nimrudishie ile ya meli.

Nikaiandika kwa mistari inayofuatana, wa kwanza na wa pili. Akatikisa kichwa. "Hapana. Wa pili uache wazi. Huwezi jua, inaweza kuchelewa."

Nikayashusha maneno ya mstari wa pili mpaka wa tatu. Akasimama akiisoma muda mrefu kuliko urefu wa maneno yenyewe, kisha akachukua mwavuli wake.

"Ndaga, fundi," akanishukuru kwa Kinyakyusa, akatoka.

Fundi!

Ubao wa Itungi waliung'oa zamani, nami sijawahi kumuuliza baba aliumia kiasi gani. Majina ya kesho nimeshayapanga. Lakini mpaka duka lifunguliwe asubuhi, dirishani ipo meli ya baba, na mstari wa pili uko wazi.