Soksi Kwenye Matundu ya Hewa

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo fundi anakuja kutoboa ukuta wa nyumba yangu na mkosaji ni mimi. Nyumba hii ya hapa kijijini niliichora mwenyewe, kuta nene za matofali ya udongo, upenu mpana, madirisha yanayopokea upepo, na chini ya paa matundu sita ya kutolea joto, na kila siku saa nane mchana naandika kwenye shajara joto la sebuleni, lilikuwa halijawahi kupita nyuzi 25, bila hata feni. Sasa tarehe 2 mama mkwe alikuja kwa siku tatu, akakaa kwenye kiti changu, akasema, "Hapa kuna ubaridi wa mtungi, kwangu ni bati tupu," na leo tarehe 23 bado amekikalia. Mshauri, naona aibu, tarehe 11 nilipanda ngazi nikaziba matundu yote kwa soksi zangu, joto likafika 31, nikijua atafunga mizigo, lakini yeye anajipepea tu na kuisifu nyumba. Tarehe 17 joto lilishuka ghafla, nikakuta soksi zote sita kitandani, zimefuliwa na kukunjwa, nikadhani upepo uliziangusha mke wangu akaziokota, nikazirudisha juu, na jioni mama mkwe akaniuliza, "Mkwe wangu, miguu haikusumbui kwa baridi?" Basi mke wangu ameona mchoro wangu umeshindwa, anataka dirisha kubwa la kioo upande wa magharibi na mashine ya kupoza hewa, na jua lote la jioni litaingia ndani. Nikisema ukweli nimemfukuza mama yake, nikinyamaza nyumba imekwenda. Nifanyeje?

Mwenye Kipimajoto

Mwenye Kipimajoto,

Pole, lakini nakupa nusu tu. Nusu nyingine ni ya mama mkwe uliyemwoka siku kumi na mbili. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, hawakusema mbanike. Mtu aliyeuelewa mchoro wako kuliko wote ndiye uliyemzibia hewa.

Toa soksi hizo leo, usingoje Ijumaa. Kesho saa nane mwite mkeo akisome kipimajoto mwenyewe, kisha mfungulie shajara tarehe 11 na umweleze habari ya soksi. Atakasirika. Hasira yake itapoa. Dirisha la magharibi halipoi. Fundi aje Jumamosi kama alivyoitwa, ila mpeleke nyumbani kwa mama mkwe, akaweke dari, upenu na matundu ya hewa kwa mchoro wako. Kwake kukipoa, kiti chako kitarudi chenyewe.

Halafu soma tena tarehe 17. Upepo haukunji soksi. Kuna mama mtu mzima alipanda ngazi ile, akazishusha, akazifua, akakutazama ukizirudisha, na hakumwambia binti yake neno. Kavute kiti ukae karibu naye, umwombe radhi. Na uvae soksi.