Saa Nne Mashine Zako Bado Zinaningoja

Kaka Idi,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, ingawa marahaba yako sitaisikia tena.

Nimekasirika, kaka. Tangu juzi niliporudi kutoka Mikumi nimeharibu kopi za wateja mara mbili.

Unamkumbuka yule mtaalamu aliyekuja dukani kwetu Kilosa, akakaa kwenye kiti cha mama, akanywa chai yangu vikombe viwili? Ulimwonyesha kompyuta zako nane, zile zilizotupwa na maofisi, ulivyoziunganisha zigawane hesabu moja: maji ya mto Mkondoa yakipanda, yanafika nyumba zipi. Akakuuliza programu umeinunua wapi. Ukacheka. "Hainunuliwi, ndugu yangu. Hii ni huria. Watu wa mbali wameiandika wakaiacha wazi, nami nimeongeza changu. Chukua, badilisha, ila majina ya waliotangulia usiyafute." Ukampa yote kwenye flashi.

Mimi niliishia kidato cha nne, lakini hilo nililielewa tangu uliponieleza kwa mfano wa kulima kwa ujima: shamba la mmoja, majembe ya wengi, na aliyelimiwa leo kesho hajifichi.

Sasa sikia. Baada ya arobaini yako niliitwa kupeleka makabrasha kwenye mkutano wa mafuriko Mikumi. Nimesimama nyuma na boksi langu, namwona yule mtaalamu mbele, na ramani yako ukutani. Ramani yako! Hata ile rangi ya bluu niliyokuchagulia mimi. Juu jina lake, chini onyo kwamba hairuhusiwi kunakili. Hesabu ilikuwa inakwenda mbele za watu. Ilipogonga saa nne, ikasimama. Mama mmoja, mwenyekiti wa kitongoji kule Munisagara, akauliza, "Mbona imekufa?" Akajibu bila haya, "Haijafa, mama. Mfumo unajipoza."

Unajipoza! Ile ni chai yangu. Birika langu la umeme likiwaka pamoja na kompyuta nane, swichi inaanguka na hesabu yote inapotea. Ulinigombeza mara moja tu, nikalia. Kesho yake, ndani ya programu, ukaamuru mashine zote zipumzike saa nne, dakika kumi na tano, na juu ya amri hiyo ukaandika: "Tatu anachemsha chai, subirini." Mwizi amebeba nyumba pamoja na birika, na hajui hata ni la nani.

Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Haijipozi, inaningoja mimi. Fungua faili usome." Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Haya, dada wa kopi naye mhandisi!" Yeye akasema hiyo ni siri ya kazi yake. Nikarudi na boksi tupu.

Na wewe nimekukasirikia. Ulimwamini kila aliyekuita ndugu. Homa ilipokushika ukasema, "Ngoja hesabu imalizike, ndipo twende hospitali." Nami nikangoja. Hesabu ilimalizika, kaka. Majibu ninayo hapa. Wewe sikuoni.

Jana nilikuwa natafuta majani ya chai, nikakuta flashi yako ya akiba ndani ya kopo. Nikawasha kompyuta yako ya kwanza, nikafungua ule ukurasa wa mtandaoni uliozoea kuutumia kuwarudishia wale watu wa mbali marekebisho. Nikapakia yote. Kiingereza changu unakijua, nikaandika tu kwamba hii ni kazi ya kaka yangu, amefariki, itumieni. Leo asubuhi wamejibu. Wamenipa pole, wameipokea, jina lako wameliweka juu. Wakauliza ule mstari wa Kiswahili wa chai una maana gani, na kama waufute.

Nimewajibu usifutwe.

Lala, kaka yangu. Nakuahidi Jumamosi nitapanda bodaboda mpaka Munisagara, nimpelekee yule mama nakala yenye jina lako, ajue maji yatafika wapi na ni nani aliyewahesabia. Na yule bwana akija tena dukani, kopi nitamtolea kwa sababu ni kazi yangu. Chai hapati.

Nasimama sasa. Ni saa nne, naenda kuwasha birika.

Mdogo wako,
Tatu