Ukuta Uliokosekana Sio Port

Mama, shikamoo. Nakuandikia kutoka Sio Port, ambako mvua haipumziki na hata chai inanuka omena, wale dagaa wa ziwani.

Ule ukumbi niliotumwa kuutazama nimeuona. Umeinuliwa juu ya nguzo ili watu wakimbilie humo ziwa likifurika, na kazi hiyo umeifanya: maji yalipita chini, ndani halikulowa hata godoro. Lakini ngazini nilimkuta mama mmoja akichambua omena, akanisimulia habari za Wandera, mume wa binti yake. Usiku wa mafuriko Wandera aliwaleta wote wa nyumbani kwa mtumbwi, wakapanda. Yeye akabaki ngazini, kwa kuwa huku mtu halali chumba kimoja na mama mkwe wake, na ukumbi mzima ni chumba kimoja. Maji yakapanda. Asubuhi waliukuta mwili wake kwenye mafunjo.

"Hukumwita?" nikauliza.

"Ningemwita aingie wapi?" akasema, bila kuinua macho. "Ukuta hakuna. Hata shuka tungefunga hapo katikati, angekuja. Nani alifikiria shuka, na maji iko mlangoni?"

Ukumbi ninaouchora kwa ajili yetu Likoni ni chumba kimoja vilevile, nami nikijisifia upana wake. Majirani zetu wangapi wametoka huku, Mama?

Mungu akuweke. Mume wangu akirudi jioni kutoka kazini, mkiketi mezani pamoja kama kawaida yenu, mmiminie chai wewe mwenyewe.

Mwanao,
Rehema