Picha ya Amoit Unayoiomba

Marachi, Busia
9 Juni 2024

Kwa Mama mkwe wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na tafadhali uzipokee ukiwa umekaa. Magoti yanaendeleaje? Na karanga je, zimeota vizuri au jua limezichoma tena? Sisi huku miili ni mizima. Carol ameanza chekechea, na Marvin ametimiza miaka mitatu, hakuna kiti hapa ambacho hajaanguka nacho. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiteso changu, unajua mwenyewe, kinaishia kwenye salamu.

Najua unajiuliza barua ya nini siku hizi za simu. Mama, mkwe hasimami mbele ya mama mkwe akamtazama usoni, na hata kwa simu ulimi wangu hukwama, nawe humpa shemeji Justine aongee kwa niaba yako. Haya ya leo hayawezi kupitia kwa Justine. Bahasha nimeifunga kwa gundi; akikuletea imefunguliwa, mgombeze.

Tangu Krismasi umeniomba picha ya binti yako, marehemu Amoit, ya kuweka mezani siku ya ibada ya kumbukumbu mwezi wa nane. Mara tatu nimekujibu kwamba simu iko kwa fundi. Nivumilie, nitafika huko.

Kwanza nikwambie kwamba nimenunua kamera. Najua, mtu mwenye akili zake angenunua mabati. Nilikwenda kwa Obore, yule anayepiga watu picha za paspoti hapa mpakani, akanionyesha tatu. Moja ilikuwa kubwa kama tofali, na lenzi zake za kubadilisha zilijaa mfuko mzima. Ya pili lenzi yake ilivuta vitu vya mbali, lakini ilitoka polepole ikilia, na kabla haijamaliza kutoka Marvin alikuwa ameshazunguka nyuma ya duka. Ya tatu ni ndogo, inaingia mfukoni mwa shati. Lenzi yake ni moja tu, haitoki wala haivuti. Obore alisema ndiyo inayofaa mtu mwenye watoto wadogo, maana ukibonyeza tu imeshapiga, na ukitaka sura kubwa zaidi, miguu yako ndiyo itakayokusogeza. Nilichukua hiyo. Wanangu sasa nimewapiga picha wakila uji, wakilia, wakigombania ndoo, na kila mwezi nazisafisha kwenye karatasi. Sitaki tena picha za kukaa kwenye simu.

Maana simu, Mama, haijawahi kufika kwa fundi. Picha za Amoit nilizifuta mimi kwa kidole changu hiki.

Baada ya mazishi Carol hakutaka kitu kingine ila ile simu. Alikuwa na miaka mitatu. Alikuwa akifungua video ya mama yake akicheka, anamwita, na asipoitikiwa anapiga kelele mpaka anatapika. Siku nne hakula. Nilijiambia asipoiona ile sura atasahau, na akisahau atakula. Nikafuta zote. Kweli akala. Aah, mimi mjinga, nilidhani nitazipata kwingine! Harusi hatukufanya. Kitambulisho chake kilichukuliwa nilipoandikisha kifo. Ile picha ya kwenye jeneza tuliiacha juu ya kaburi pamoja na shada, mvua ikaila.

Sasa Carol ananiuliza kila siku mama yake alifananaje. Namwambia alikuwa mzuri. Anauliza mzuri vipi, namtuma akamwangalie Marvin.

La pili ni zito kuliko la kwanza. Wote mnasema Amoit alichukua sura yako. Pasaka tulipokuja kwako Mella nilijificha nyuma ya ghala, ukatoka na ungo, nikakupiga picha ya wizi. Miguu yangu haikuthubutu kusogea, kwa hiyo ulitoka mdogo kama punje. Obore aliikuza mpaka ikajaa karatasi. Hakuna macho wala mdomo, ni weusi tu na kitambaa cha kichwani. Nimekukosea heshima, Mama. Mbuzi wa faini baba yangu mdogo atamleta kwa wazee kabla ya ibada.

Nilitaka kuichana. Carol aliiwahi mezani, akaniuliza ni nani, na kabla sijafungua kinywa akajijibu mwenyewe kwamba ni mama. Alifurahi mno, nikashindwa. Ameibandika ukutani juu ya kitanda. Kila asubuhi anaisalimia, na amemfundisha Marvin naye aisalimie.

Ningekuomba ukae mbele ya kamera, karibu, Carol aone uso wa mtu. Lakini najua haiwezekani, na hata ingewezekana, wewe si yeye.

Kwa hiyo ya kuweka mezani haipo, wala haitapatikana. Watu wakiuliza, sema Chrispinus ndiye aliyeipoteza. Mimi mwenyewe usiku huu nimefumba macho nimtafute Amoit, na kilichokuja ni ile karatasi ya ukutani.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na magoti yako yapone. Watoto wanakusalimu.

Mimi mkweo,
Chrispinus Ojiambo