Kinga ya Elia

Jumatatu, 3 Machi
Maji nimechemsha. Kitasa nimefuta kwa spiriti. Vidonge vya asubuhi vimenikwama kooni kama kawaida. Mwezi wa tatu huu nimefungiwa chumbani Daraja Mbili kama mwali, ila mwali anasubiriwa na ngoma.

Kaka yangu Elia kapita jioni, kasimama nje ya dirisha. "Dada, askari wangu wanakula?" Nikamjibu wanakula na kusaza. Askari wenyewe ni uboho alionipa. Dawa kali zilipunguza saratani ya damu, hazikuimaliza. Madaktari wakaiua kinga yangu yote, wakanipandikizia ya kaka. Daktari anategemea iitambue saratani, iimalize. Mpaka ikomae, mafua ya mtu yanaweza kuniua.

Kaondoka anaimba. Sauti mbaya, hana haya.

Alhamisi, 6 Machi
Elia amefariki. Fuso limemgonga akiwa kwenye pikipiki.

Nimeandika, bado siamini.

Ijumaa, 7 Machi
Nimempigia daktari. Msibani hapana. Umati, vikohozi, vumbi la kaburi. Nimemwomba. Nimemfokea. Hapana.

Baba mkubwa naye kapiga: "Mtu kakupa damu yake, wewe unashindwa kumtupia udongo?" Nimekata simu.

Jumamosi, 8 Machi
Wamemzika nyumbani Tengeru, migombani.

Nilivaa. Gauni jeusi, viatu, kanga. Nikafika getini, mkono kwenye komeo. Nikifa mimi, na hiki kidogo cha Elia kilichobaki kinakufa. Nikarudi. Nimekaa kitandani na viatu miguuni mpaka giza likaingia. Hakuna aliyepiga simu. Nawachukia wote. Najichukia zaidi.

Jumatano, 12 Machi
Mama hapokei simu.

Jumanne, 18 Machi
Kliniki. Nimeamka na vipele vyekundu mikononi na kifuani, vinawasha balaa. Nilijua basi, nimekwisha. Daktari kavitazama, katabasamu. Vikiwa vichache hivi ni dalili njema, kasema. Kinga ya Elia imeamka. Inapekua mwili mzima, hata ngozi yangu inaiona ngeni. Ikiweza kuishambulia ngozi, huenda na saratani inaipata.

Kanipa dawa ya kupaka.

Mvua imeanza. Nimeoga, nimekula ndizi kidogo. Dawa iko mezani. Nitapaka kesho. Leo acha kinga ya Elia iniwashe.