Frizia Zimechanua, Baba Tatu

Baba Tatu, mume wangu,

Leo asubuhi nimefungua mlango wa uani nikamkuta yule mwanamke wako wa Gongoni. Wallahi, ndoo imenidondoka! Harufu yake imejaa uani kote, ileile tamu uliyokuwa ukirudi nayo kwenye mikono ya shati. Nikaangaza huku na huku nimpate nimtie adabu. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na maua yako.

Yaani ulikuwa ukisema kweli?

Unakumbuka tulivyogombana. Kila kipupwe ukitoka kazini kwenye bustani ya memsabu, kule nyumba za Wazungu wa reli, unanukia. Nakuuliza, "Marashi ya nani haya?" Nawe unacheka, "Ya maua, mke wangu. Yanaitwa frizia." Nikasema hata jina lenyewe la kike, ndiye huyo mwanamke wako wa Gongoni, unakopitia ukitoka kazini! Nikataka uniletee moja ninuse. Ukaapa kwamba memsabu huyakata mwenyewe kwa meza yake, hataki hata moja litoke getini. Nani angeamini hayo? Maua niliyoyajua mimi ni ya maboga na ya pamba.

Memsabu aliporudi kwao ukaja na mbegu kiganjani. "Utanusa mwenyewe," ukasema. Ukaziloweka usiku kucha, kisha ukazipanda kwenye tuta langu la viazi! Nilifoka mpaka majirani wakaja. Yakaota majani membamba kama nyasi, ua hakuna. Jua kali lilipoanza yakageuka manjano, yakakauka, nami nikashika jembe. "Acha, Mama Tatu. Hayajafa, yamelala." Ukachimbua mashina ya maua yako, vitunguu vidogo kama karanga, ukavifunga kwenye kitambaa na kuvining'iniza juu ya meko, penye moshi, pamoja na mahindi yetu ya mbegu. Nilicheka sana siku ile.

Mvua zilipokuja kifua kikakubana. Ukiwa kitandani, badala ya kuniusia mtoto, ukaniusia vitunguu. "Mvua zikikaribia kwisha, vitie udongoni, ncha juu." Nikakuambia upumzike. Hukuamka tena.

Nilivipanda, ndiyo. Nilivipanda nikuumbue! Nilitaka vichanue visinukie kitu, nisimame pale tutani nikuambie, umeona?

Vimenukia, Baba Tatu. Vimenukia mpaka kwa jirani. Nimekaa kizingitini nimeduwaa, chai imepoa. Miaka yote ile nilikuwa nalionea ua wivu! Nacheka huku nalia, na hasira zangu zote ni kwako. Si ungeiba hata moja? Mtu gani anakuwa mwaminifu hivyo kwa memsabu, na nyumbani kwake kunawaka moto?

Tatu ameamka sasa hivi. Amekuja mbio, macho bado mazito kwa usingizi, akanipita hadi uani akasimama ananusanusa.

"Mama, baba amerudi?"

Nikamvuta kwangu, nikamshika.

Nimekata ua moja. Nimelitoa shati lako la kazi sandukuni, nikalisugulia ua hilo kwenye mikono yote miwili. Nimelitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, palepale ulipokuwa ukilitundika ukirudi. Safari hii sikuulizi neno.

Pumzika, mume wangu.

Mimi mkeo, ninayekuamini,
Mama Tatu